Utani au Unyanyasaji? Tujifunze Kupambanua

Mwaka huu mlezi wa Chama cha Kiswahili amenipa kazi ambayo wenzangu wawili waliikwepa. Mmoja alisema ana mtihani, mwingine alisema mada yenyewe "ina aibu". Mimi sioni aibu. Isitoshe, nilikuwa upande wa wapinzani katika mdahalo wetu wa muhula wa pili, ule ambao hoja yake ilikuwa: "Utani baina ya wavulana na wasichana haumdhuru mtu." Mnakumbuka jinsi tulivyoshindwa. Waungaji mkono walipigiwa makofi hadi vioo vya madirisha vikatetemeka, hasa yule msemaji wao aliyeuliza, "Kwani msichana akiitwa mrembo atakufa?" Sikulalamika, mdahalo ni mdahalo. Lakini swali lile lilitaka jibu refu kuliko dakika tatu nilizopewa na mwenyekiti, na jibu lenyewe ndilo hili.

Hebu tuanze na hilo neno "atakufa", kwa maana hapa kwetu Meru wapo waliokufa. Usiku wa Jumamosi, tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya sekondari ya St. Kizito huko Tigania, iliyokuwa shule ya mseto ya bweni, wavulana walikuwa wamepanga mgomo. Wasichana wakakataa kugoma pamoja nao. Usiku huo wavulana wakavamia bweni ambamo wasichana walikuwa wamekusanyika kujificha. Wasichana 19 walikufa, wengi kwa kukosa hewa na kukanyagana katika msongamano. Magazeti yaliripoti kuwa wengine 71 walibakwa. Sisi wanafunzi wa leo hatukuwa tumezaliwa, na baadhi ya walimu wetu walikuwa wangali shule ya msingi. Lakini muulize mzazi yeyote wa rika lile huku Meru, atakuonyesha kwa kidole upande ambao Tigania iko kabla hata hajafungua kinywa.

Sitaki mtu aseme kwamba nimedai kila apigaye mluzi atavunja mlango wa bweni. Huo utakuwa uongo. Ninachotaka mkione ni maneno yaliyosemwa baada ya msiba. Naibu wa mkuu wa shule alinukuliwa magazetini akisema, nami natafsiri, kwamba wavulana hawakuwa na nia mbaya kwa wasichana, walitaka tu kuwabaka. Soma tena polepole, msomaji, uliangalie lile neno "tu". Sisi wana Kiswahili tunajua kwamba "tu" ni herufi mbili na kazi yake ni kupunguza: "maji tu", "nimechelewa kidogo tu". Mtu mzima, tena mlezi wa watoto, alisimama mbele ya watu akaupunguza ubakaji kwa herufi mbili. Ilielezwa vilevile wakati ule kwamba wasichana kubakwa katika shule hiyo halikuwa jambo geni. Kwa hiyo kabla ya usiku ule mmoja kulikuwa na siku nyingi za "tu": amemgusa tu, anamtania tu, ni wavulana tu. Hakuna aliyeandika siku hizo katika daftari lolote.

Mada yangu, basi, ni hizo siku za kabla.

Kwanza jina. Magazeti yetu hupenda kuandika "dhuluma za kimapenzi". Mimi silipendi jina hilo, na nimemwambia mlezi hivyo. Mapenzi yako wapi hapo? Mtu akikunyang'anya mkate hatusemi ni dhuluma ya kichakula. Nitatumia "unyanyasaji wa kingono", maana kinachotafutwa ni ngono au kumkumbusha mtu mwili wake ili ajione mdogo. Ndugu zetu Watanzania wana jina jingine zuri sana la tawi moja la jambo hili: rushwa ya ngono. Yaani badala ya kudaiwa noti ili upate haki yako, unadaiwa mwili. Sheria yao ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 ina kifungu kuhusu jambo hilo. Jina hili lina faida moja: likitajwa, kila mtu anaelewa kwamba anayedai ndiye mkosaji. Hakuna anayemuuliza aliyedaiwa rushwa alikuwa amevaa nini.

Wengine husema haya ni mambo ya kuletewa na wazungu. Sasa sikia. Hata kwa wazungu wenyewe jina hili ni la juzi. Ni mwaka 1975, katika mji wa Ithaca, Marekani, ambapo wanawake wafanyakazi walikutana kusimuliana yaliyowapata kazini, na Kiingereza kikapata jina la jambo hilo. Mmoja wa wanawake waliosababisha mkutano huo aliitwa Carmita Wood, aliyeacha kazi chuo kikuu kwa kuchoshwa na mkubwa wake. Aliomba msaada wa serikali wa wasio na kazi akanyimwa, kwa sababu aliacha kazi kwa hiari yake. Hakuwa na neno la kuandika kwenye fomu! Mwaka 1991, Oktoba, miezi mitatu tu baada ya msiba wa Tigania, mwanasheria Anita Hill alikaa mbele ya maseneta wa Marekani akieleza jinsi Clarence Thomas, aliyekuwa mkubwa wake kazini, alivyokuwa akimsemesha maneno machafu. Thomas alikana, maseneta wakapiga kura, akapita kwa kura 52 dhidi ya 48, na akawa jaji wa Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile. Kwa hiyo tusidhani kwamba huko nje waliumaliza ugonjwa huu kisha wakatuletea dawa.

Basi tutatambuaje? Hapa ndipo sarufi inapotusaidia, na nawaomba wale wanaosema Kiswahili hakina faida nje ya mtihani wanisikilize. Chukua kitenzi "tania". Katika kauli ya kutendana tunapata "taniana". Katika kauli ya kutendwa tunapata "taniwa". Watani hutaniana. Mimi nakuambia una kichwa kama kifuu, nawe una ruhusa ya kuniambia mimi meno yangu ni jembe, na sote tunacheka, na kesho nikikuambia leo sitaki, unaacha. Hiyo ni "-ana". Lakini kama mmoja hutania na mwingine hutaniwa tu, siku zote, bila ruhusa ya kujibu, bila uwezo wa kusema imetosha, basi hapo hakuna utani. Kuna kitendo na kuna mtendwa. Vivyo hivyo "pendana" na "pendwa", "shikana" na "shikwa". Msichana anayecheka kwa sababu wenzake wote wanamwangalia hajaingia katika kauli ya kutendana. Mwangalie macho. Mwangalie pia njia anayopita kesho yake: je, anazunguka nyuma ya jiko la shule ili asipite pale mlipokaa?

Kwa kipimo hiki, jibu la swali la mdahalo ni kwamba kuitwa mrembo hakuui. Lakini ni nani anayekuita? Ni mara ya ngapi? Umeshasema hutaki? Na je, mwenye kukuita ana kitu chako mkononi mwake, kama alama, mshahara, nauli, ruhusa ya kwenda nyumbani? Ukishajibu maswali hayo manne, hutahitaji mtu mwingine akuamulie.

Hilo la kuwa na kitu chako mkononi ndilo lenye uzito kuliko yote. Nitatoa mfano ninaoujua. Likizo moja ya Desemba nilifanya kibarua katika duka la jumla katika mji mmoja wa Embu, ambao sitautaja. Tulikuwa wafanyakazi watatu. Mwenye duka alikuwa mtu wa heshima, mwenye kiti chake mbele kanisani. Ilipofika wiki ya pili akaanza kunituma stoo kuhesabu magunia ya sukari niliyokuwa nimeyahesabu asubuhi. Nikiingia, anakuja kusimama mlangoni. Hanigusi. Anasema, "Umekuwa mkubwa wewe," halafu anacheka, halafu hasogei. Ili nitoke lazima nipite ubavuni mwake, nikijibanza. Siku ya tatu nikaingia na mwenzangu wa kaunta. Jioni tukaambiwa sote wawili tumekatwa pesa ya siku hiyo kwa uvivu. Nilimweleza Cucu usiku ule ule. Nilitarajia aniulize mbona sikuvaa sweta. Badala yake aliuliza, "Amekulipa za siku ngapi?" Nikamwambia bado. Asubuhi Cucu akajifunga leso yake ya kwendea kanisani, akashika fimbo yake, akaenda kudai siku zangu 12, na ile iliyokatwa akaidai pia. Alilipwa zote mbele ya wateja. Kazi niliacha, lakini ona: hakuna aliyebakwa, hakuna aliyeguswa, na bado nilikuwa nimeanza kuogopa neno "stoo". Kama nisingekuwa na Cucu, na kama pesa zile zingekuwa za unga wala si za kununulia kamusi, ningeendelea kuhesabu magunia.

Wapo ambao hawana njia ya kuacha. Sisi huku ni watu wa chai. Kuanzia miteremko ya Mlima Kenya upande wa Embu hadi Imenti na Igembe, wengi wetu tumelipiwa karo na majani chai. Mchumaji akishajaza kikapu anategemea mtu mwingine: wa kumpa kibarua, wa kumpangia shamba lenye majani mengi au lenye kichaka, wa kupima kilo. Februari 2023, shirika la utangazaji la BBC lilitoa habari kutoka mashamba makubwa ya Kericho yaliyokuwa yakiendeshwa kwa miaka mingi na kampuni mbili za Uingereza. Wanawake zaidi ya 70 walisema walinyanyaswa na wasimamizi wao. Aliyekataa alipewa kazi ngumu au akanyimwa kabisa. Huku kwetu mashamba mengi ni madogo na ni ya familia, na ni rahisi kusema "hayo ni ya Kericho". Lakini mizani ni mizani, na anayeishika anaweza kuitumia vibaya Kericho au Imenti. Anayechuma miraa kwa siku, anayeosha vyombo hotelini, yaya anayelala chumba kisicho na kufuli, wote wana mtu aliyeshika mizani yao.

Sheria inasema nini? Nimeisoma kwa msaada wa mwalimu wetu wa historia, nami nitaieleza kwa lugha ya kwetu. Sheria ya Makosa ya Kingono, namba 3 ya mwaka 2006, ililetwa Bungeni na Njoki Ndung'u, ambaye wakati huo alikuwa mbunge wa kuteuliwa na baadaye akawa jaji wa Mahakama ya Juu. Kifungu cha 23 kinamhusu mtu mwenye mamlaka, au mwenye wadhifa wa umma, ambaye kwa kurudiarudia anamtaka mwingine kingono huku akijua, au akiwa na sababu ya kujua, kwamba hatakiwi. Matendo hayo yawe yamefanywa masharti ya kazi, ya kupanda cheo au ya kupata huduma, au yawe yameharibu kazi au masomo ya mtu. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 6, ni pana zaidi kwa wafanyakazi. Inataja kudai ngono kwa ahadi au kwa vitisho, maneno ya kingono yaliyosemwa au kuandikwa, picha, na vitendo vya mwili visivyotakiwa. Haikuweka lile sharti la kurudiarudia. Inamhusu mwajiri, mwakilishi wake na hata mfanyakazi mwenzako. Tena mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na maandishi rasmi yanayoeleza jinsi atakavyolizuia jambo hili na jinsi ya kulalamika. Duka la watu watatu halidaiwi maandishi, lakini mwenye kusimama mlangoni mwa stoo hajapewa ruhusa na mtu.

Sheria hiyo ya 2006 haikupita kwa urahisi. Mbunge mmoja alisimama Bungeni akasema mwanamke akisema hapana huwa anamaanisha ndiyo, na wabunge wanawake wakatoka nje kwa hasira. Wengine walilia kwamba sasa vijana hawataweza kuchumbia. Vipengele kadhaa vilitolewa kabla ya kura, kikiwemo cha ubakaji ndani ya ndoa. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka, kwa sababu kilio hicho cha uchumba ndicho kile kile kilichotushinda ukumbini. Kuchumbia hakujakatazwa. Uliza mara moja, kwa adabu, mtu ambaye huna kitu chake mkononi, na akisema hapana uliamini neno lake kama unavyoliamini la mwenye duka akikuambia hakuna mkate. (Mlezi anaweza kukifuta kifungu hiki akitaka, maana sisi tuko shuleni kusoma, si kuchumbiana.)

Sasa shuleni. Kuhusu mwalimu hakuna mjadala hata kidogo. Kifungu cha 24 cha sheria ile kinasema mwalimu mkuu, mwalimu au mfanyakazi wa shule anayetumia nafasi yake kumshawishi mwanafunzi wafanye ngono atafungwa miaka isiyopungua 10. Na hapo ni pale ambapo kosa halijafikia ubakaji au unajisi, ambao una vifungu vyake vikali zaidi. Hakuna "walipendana" hapo. Mwanafunzi wa chini ya miaka 18 ni mtoto mbele ya sheria, na kauli ya kutendana haimhusu. Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, ilitoa waraka namba 3 wa mwaka 2010 unaomtaka mwalimu yeyote mwenye habari au shaka kwamba mwanafunzi ametendewa vibaya atoe taarifa ndani ya saa 24. Anayeficha naye ana kosa. Walimu wetu wasomaji wa jarida hili mtanisamehe kwa kuwakumbusha, lakini nimeulizia, na wanafunzi wengi hawajawahi kusikia kwamba waraka huo upo.

Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilitoa uamuzi katika kesi ya wasichana wawili wa shule ya msingi kutoka kaunti ya Nakuru, waliotendewa vibaya na naibu wa mwalimu mkuu mwaka 2010. Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba si mwalimu peke yake anayewajibika. Shule, TSC na serikali wote walipaswa kuwalinda watoto, na wakaamriwa kulipa fidia ya jumla ya shilingi milioni 5. Alikemea pia ile tabia ya kumhamisha mwalimu mwenye kesi kutoka shule moja hadi nyingine. Hili la uhamisho nataka mlitafakari. Mnapoona mwalimu mgeni analetwa katikati ya muhula na hakuna anayeeleza sababu, mara nyingi ni sababu njema kabisa, mgonjwa wa familia au kupanda cheo. Lakini wanafunzi wa kule alikotoka wangekuwa na njia ya kusema, sisi wa huku tusingebaki kubahatisha.

Dalili zenyewe hazianzi na kushikwa. Zinaanza na kupendelewa. Unaitwa kubeba vitabu hadi nyumba ya mwalimu wakati kuna wavulana watano wasio na kazi. Unapewa alama ambazo hukuzitolea jasho, halafu unaulizwa, "Na mimi utanipa nini?" Unatumiwa ujumbe wa simu saa nne usiku wakati wa likizo, usiohusu somo. Unaambiwa hili liwe siri yetu. Hiyo siri ndiyo dalili kubwa kuliko zote, kwa maana jambo la halali la mwalimu na mwanafunzi halihitaji kufichwa kwa mwalimu wa zamu. Wa kutwa wana dalili zao: mwendesha bodaboda anayekubeba bure wiki nzima, kisha wiki ya pili anakumbuka deni. Utasikia, "Kwani hizo lifti zote ulidhani ni za bure?" Wee! Deni ambalo hukukopa si deni.

Na sisi kwa sisi je? Hapa sheria ya 2006 ina pengo, maana kifungu cha 23 kinamtazama mwenye mamlaka, na mvulana wa Kidato cha Tatu hana mamlaka juu ya mwenzake wa Kidato cha Tatu. Kiranja labda anayo, na kuna viranja wanaofuta majina kwenye orodha ya wachelewaji kwa bei wanayoijua wenyewe. Lakini pengo hilo si mlango wa kupitia. Kumgusa mtu kwa makusudi matiti, makalio au sehemu za siri bila haki kunaitwa kitendo cha aibu katika sheria ile ile, na kikifanywa kwa mtoto kifungo chake hakipungui miaka 10. Mkosaji akiwa mtoto naye atashughulikiwa kwa taratibu za watoto, lakini kosa ni kosa. Ule mchezo wa foleni ya chakula, wa kusukumana ili mtu "aangukie" mwenzake, mnaujua. Hata kusambaza picha za siri za mwenzako kwa simu ni kosa chini ya sheria ya mitandao ya mwaka 2018. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, walisema wahenga, nao hawakuwa na simu.

Niwageukie wavulana, kwa sababu baada ya mdahalo mmoja wenu alinijia kando akaniuliza, "Na sisi tukifanyiwa?" Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa. Sheria hizo zote zinasema "mtu", hazisemi msichana. Mvulana wa Kidato cha Kwanza anayevuliwa taulo bafuni na wakubwa zake huku wakipima maumbile yake kwa maneno, ananyanyaswa. Mvulana anayefanya kibarua kwa mama mwenye hoteli, na mama huyo akamshikashika kila akipita jikoni huku wateja wakicheka kwamba ana bahati, ananyanyaswa. Tofauti ni kwamba yeye hata machozi hana ruhusa nayo. Aliyeniuliza sitamtaja, wala hakuniambia kilichompata, wala sikumdadisi.

Basi ukishatambua ufanye nini? Andika. Tafuta daftari ambalo si la somo lolote, uandike tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, na nani alikuwepo. Usitie chumvi hata kidogo. Maneno ya siku ile yana nguvu kuliko kumbukumbu ya mwaka ujao. Kama unaweza kumwambia mwenyewe "sitaki" bila hatari, mwambie, na mbele ya shahidi ni bora. Kama huwezi, hujapoteza haki yako. Mweleze mtu mzima unayemwamini, na wa kwanza akikupuuza nenda kwa wa pili: mwalimu mshauri, mzazi, muuguzi, chifu. Simu 116 ni ya watoto na 1195 ni ya wote waliodhulumiwa kijinsia, nazo hazitozwi. Na kama jambo limefikia ubakaji, nenda hospitali kabla ya kuoga na kabla ya saa 72 kupita, maana dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazifai kitu baada ya hapo. Polisi baadaye, hospitali kwanza.

Wengi huogopa kituo cha polisi, na hawakosi sababu. Lakini hapo tuna habari ya kujivunia ya hapa hapa Meru. Mwaka 2012 wasichana 11 walionajisiwa, pamoja na shirika la Ripples International ambalo lina makao ya kuwahifadhi watoto hapa Meru, waliishtaki polisi katika Mahakama Kuu ya Meru. Hawakuwashtaki wanajisi wao katika kesi hiyo. Waliishtaki polisi kwa kutofanya kazi yake, kwa kutoandika ripoti, kwa kudai pesa, kwa kuwadhihaki walipokwenda kulalamika. Tarehe 27 Mei 2013 Jaji Makau aliamua kwamba polisi kupuuza malalamiko yale kulivunja haki zao za kikatiba, na akaamuru uchunguzi ufanywe haraka na ipasavyo. Kesi hiyo imejulikana duniani kama kesi ya wasichana 160. Kwa hiyo askari akikuambia "nendeni mkamalizane nyumbani", au wazee wakianza kuhesabu mbuzi, unaweza kuwajibu kwa heshima kwamba mahakama ya papa hapa Meru ilishalisema jambo hilo.

Neno la mwisho ni kuhusu sanduku la maoni lililowekwa nje ya maktaba baada ya mdahalo wetu. Tunashukuru. Ila ufunguo wake unakaa kwa mtu mmoja tu, na sanduku limetazamana na dirisha la chumba cha walimu, hivyo anayetumbukiza karatasi anaonekana na kila mtu. Chama cha Kiswahili kimeuandikia uongozi wa shule barua, kwa Kiswahili sanifu, kikiomba mambo mawili: sanduku lihamishiwe karibu na bomba la maji ambako kila mtu hupita, na funguo ziwe mbili, moja kwa mwalimu mshauri na moja kwa mwakilishi wa wazazi, lisifunguliwe mpaka wote wawili wawepo. Tulipoenda mitamboni tulikuwa bado tunangoja jibu.